Uchungu Ulipokatika

Mama yangu aliniambia waziwazi kwamba nikichomwa ile sindano ya mgongo, nisimtegemee. Aliyasema hayo nyumbani kwangu Bagamoyo, amekaa mkekani anachambua mchele, wala hakuinua uso. Nilikuwa na mimba ya pili, imeshaingia miezi saba, na nilikuwa nimemweleza kwa adabu zote kwamba safari hii nitajifungulia Dar es Salaam, katika hospitali ambayo mwenye uchungu akitaka huchomwa ganzi mgongoni, akazaa huku akili zake timamu na maumivu hayapo. Bima ya kazini kwa mume wangu ilikubali. Daktari alikubali. Mume wangu, ambaye hata kuku akichinjwa huangalia pembeni, alikubali kabla sijamaliza kueleza. Aliyebaki alikuwa mama.

"Mwanamke asiyeusikia uchungu hajazaa," alisema. "Kazalishwa."

Mimi nina mdomo, sikatai, na mdomo huo nimeurithi kwake. Nikamjibu kwamba nyie wenyewe ndio mnaosema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, basi niacheni nizae kwa raha, kazi nitaikuta mbele. Kwa kawaida maneno ya namna hiyo huyapenda, na hunirudishia makali zaidi ya niliyompa. Mama ni mtu wa Mkange, mkulima wa ufuta, na ufuta haulimwi na mtu mnyonge. Siku ile hakunirudishia kitu. Aliupepeta mchele wake, akasema hana radhi na jambo hilo, akaenda kuutia maji.

Asiye wa kwetu anaweza kuona ni neno dogo. Kwetu binti akijifungua, mama yake ndiye anayekuja kukaa naye arobaini yote. Ndiye anayemkanda kwa maji ya moto mpaka mwili urudi mahali pake, ndiye anayemfunga tumbo na kumpikia uji wa pilipili manga. Mama yu hai halafu hayupo kwenye uzazi wako, majirani hawatauliza mama ana nini. Watauliza wewe umemfanya nini. Na ukiacha majirani, kuna ile radhi yenyewe. Mtu anaingia leba hajui kama atatoka, anaingiaje bila radhi ya mama yake? Nililala na swali hilo mwezi mzima, mtoto ananipiga mateke ubavuni kama naye ana la kuchangia.

Lakini sindano niliitaka, na nilikuwa na sababu yangu.

Mwanangu wa kwanza, ambaye sasa yuko darasa la pili, nilimzaa kwa taabu ambayo sikuwahi kumsimulia mtu. Uchungu ulinishika alfajiri ya siku moja, mtoto akatoka jioni ya siku ya pili. Ilifika mahali nikamwomba Mungu anichukue. Sikuomba kwa mchezo, niliomba kama mtu anavyoomba maji. Na mama alikuwa pale pale, kando ya kitanda. Nilipolia aliniambia ninyamaze, najiaibisha, wanawake wenzangu wote wamepita njia hiyo. Hilo nililizoea, ndivyo wanavyotulea. Ambalo sikulizoea ni jingine. Kila tumbo liliponiachia nikavuta pumzi, aliinama akaniuliza sikioni, "Bado linauma?" Nikiitika kwamba linauma, anasema Alhamdulillah.

Kila mara. Linauma, Alhamdulillah. Linauma sana mama, nakufa, Alhamdulillah. Nilimtazama nikajiuliza huyu mwanamke nimemkosea nini duniani. Baadaye alinilea vizuri, alinikanda vizuri, mjukuu alimpenda kuliko anavyotupenda sisi aliotuzaa mwenyewe. Lakini lile neno lilinikaa kifuani miaka yote. Nilikuwa najua, au nilidhani najua, kwamba mama yangu ni katika wale wanaoona fahari mwenzao akiteseka kama walivyoteseka wao. Nikasema haitatokea tena. Safari hii hatapata cha kushukuria.

Ndivyo nilivyokuwa na hasira, na ndivyo nilivyokuwa nikimtaka aje.

Wiki ya mwisho nilisikia hodi, nikafungua mlango, mama huyo, na mfuko wake wa safari na kidumu cha mafuta ya nazi. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba ya nusu mdomo, akapita ndani. Alivua baibui, akalikunja, akaniambia amekuja kwa ajili ya mjukuu wake, hakuja kwa ajili ya sindano. Nikamwambia karibu mama. Nikaingia chumbani nikalia peke yangu, kwa furaha, halafu nikanawa uso ili asije akajipa sifa.

Uchungu ulinianza asubuhi, jua limeshatoka. Mume wangu alikuwa ameshaongea na mwenye gari, tukaingia watatu, mama amekaa nyuma pamoja nami. Njia ile kutoka Bagamoyo kwenda Dar naijua kwa miaka, lakini siku hiyo ndiyo nilijua ina matuta mangapi. Kufika Bunju nilikuwa nimeng'ang'ania mkono wa mama mpaka bangili zake zimeniachia alama. Hakuutoa. Akawa anauliza swali lake, lile lile, na mimi namjibu kwa meno yaliyofungwa, naye anamshukuru Mungu wake. Nikajisemea, subiri. Tukifika utanyamaza.

Hospitalini walimruhusu mtu mmoja kuingia na mimi. Mume wangu akatuaga mlangoni kwa haraka ya mtu aliyeponea. Mkunga alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye sauti ya kumwambia mtu mambo mara moja akaelewa. Alinipima, akasema njia inafunguka vizuri, kama bado naitaka ganzi basi wakati wake ndio huu. Nikasema naitaka jana. Mama akageuka ukutani, akaanza kuhesabu tasbihi.

Daktari wa usingizi alikuja na sinia yake. Kijana, miwani, kanisalimia kwa heshima, akampa mama shikamoo yake. Akanieleza kila kitu kabla hajakifanya. Nikae ukingoni mwa kitanda, nikumbatie mto, nikunje mgongo, kidevu kifuani. Atanipaka dawa ya baridi. Atanichoma ganzi ndogo ya ngozi, halafu sindano kubwa zaidi, halafu kupitia hiyo atapitisha mrija mwembamba utakaobaki mgongoni, na dawa itakuwa ikipita humo. Akaniambia uchungu ukija katikati ya kazi nimwambie, lakini nisisogee. Nisisogee! Tumbo limeshika kama linang'olewa, naye ananiambia nisisogee. Mkunga alinishika mabega, nikauma ule mto, sikusogea. Nilisikia mgandamizo mgongoni, si maumivu hasa, kisha kitu cha baridi kikiteremka.

Tumbo lililofuata lilikuja kwa nguvu kama yale ya mwanzo. La pili yake likaja limepungua. La tatu nilijua limekuja kwa sababu mkunga aliniambia.

Sijui niseme vipi. Watu hudhani kuondokewa na maumivu ni kama kupewa kitu. Mimi niliona nimerudishiwa mtu, na mtu mwenyewe ni mimi. Nilikiona chumba kwa mara ya kwanza. Niliona dirisha, pazia la kijani, kiatu cha mama kimoja kimeingia chini ya kiti. Miguu ilikuwa mizito, ya uvuguvugu, ganzi imeishika. Nilipumua mpaka chini. Nikalaza kichwa kwenye mto, nikafumba macho, na kwa furaha yangu yote nikamwambia mama maneno niliyoyasubiri tangu mtoto wa kwanza.

"Mama, nimepumzika. Hakuna kinachouma."

Sikusikia Alhamdulillah. Nilisikia tasbihi ikianguka sakafuni. Nikafumbua macho. Mama alikuwa amesimama juu yangu, rangi imemtoka usoni, midomo inamcheza. Akanishika kichwa kwa mikono miwili, akauleta mdomo wake sikioni kwangu, akaanza kunisomea shahada.

Aliisoma polepole, neno baada ya neno, kama anavyosomewa mtu anayekata roho ili aifuatishe. Akanyamaza kunisubiri. Mimi nimemkodolea macho tu. Akarudia, sauti imeanza kukatika, akaniambia, "Sema mwanangu. Sema, usiende hivi hivi."

Nilidhani ananifanyia inda. Wallahi nilidhani ndiyo mbinu yake ya mwisho ya kunitia hofu, na hasira ikanipanda. Nikamwambia mama, acha, mimi mzima. Akawa hasikii. Machozi yake yananidondokea shingoni na mikono yake inatetemeka, na hapo ndipo nilipojua kwamba hii si inda. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumwona mama akitetemeka. Mkunga alikuja mbio, daktari akasimama na sinia yake mkononi, wote wawili wanamuuliza bibi kuna nini.

Mama akawageukia. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mtoto amekufa tumboni. Na huyu anamfuata. Uchungu umekatika."

Mkunga akavuta kiti, akamkalisha, akapiga magoti mbele yake, akamuuliza aliona wapi uchungu kukatika. Siri ya mtungi aijuaye kata. Mama alitutazama mmoja mmoja, kisha akasema, na ninayoyaandika hapa niliyasikia kutoka kwake mara hiyo moja tu.

Alikuwa na mdogo wake. Huyo nilimjua, ni mama yangu mdogo, alikufa mimi nikiwa mtoto, na siku zote tuliambiwa alikufa kwa homa. Haikuwa homa. Alishikwa na uchungu kule kijijini, wakati wa masika, njia imekatika na gari haipiti. Mama na mkunga wa kijijini ndio waliokuwa naye. Aliumwa usiku na mchana, mtoto hatoki, anapiga kelele mpaka sauti ikaisha. Halafu, ghafla, maumivu yakakatika. Akalaza kichwa, akatabasamu, akamwambia dada yake, dada, nimepumzika.

"Nikafurahi," mama alisema. "Nikatoka nje nikawaambia watu Mungu ametufungulia. Nikamfunika khanga apate kulala. Nikaenda kumpikia uji."

Hakumaliza. Hakukuwa na haja. Mkunga alikuwa ameinamisha kichwa, anajua. Alinieleza baadaye, kwa utaratibu, kwamba mji wa uzazi ukipasuka uchungu huweza kukatika ghafla, mwanamke akaona raha, kumbe damu inamwagika ndani. Mama hakuwa na jina la jambo hilo. Alichokijua ni kwamba mwanamke anayeumwa yu hai, na mwanamke aliyepumzika anakufa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nilikuwa nimemtembezea ung'ongo mbele ya macho miezi miwili, namcheka.

Bado linauma? Alhamdulillah. Kumbe ndiyo maana yake.

Nililia. Nilikuwa nimelala pale, sina maumivu hata chembe, nikalia kuliko nilivyolia kwa mtoto wa kwanza. Nilitaka kuinuka nimkumbatie, miguu ikakataa. Nikaunyoosha mkono, akaushika, lakini hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anatazama tumbo.

Yule daktari kijana aliweka sinia chini. Mtu mwingine angeanza kumfundisha. Yeye alisogea kwenye mashine ya mapigo ya moyo ya mtoto, ambayo walikuwa wameishusha sauti ili nipumzike, akaipandisha. Moyo wa mwanangu ukajaa chumba kizima, unakwenda haraka haraka. Akasema, "Mama, huyo ni yeye. Dawa yangu inamfunga huyu binti asisikie. Tumbo haijalifunga, linafanya kazi."

Mama akasikiliza. Akasema mashine ni mashine.

Basi mkunga akamwambia aje. Akamsimamisha kando ya kitanda, akauchukua mkono wake wa kuume, mkono mgumu wa jembe, akaulaza juu ya tumbo langu wazi na kumwambia asubiri. Tukasubiri wote. Mimi sikusikia kitu. Nilimtazama mama usoni, na usoni kwake ndiko nilikoona uchungu wangu ukija. Macho yalimpanuka. Kope zikapigapiga. Mdomo ukakaza.

"Linakaza," alisema. "Linakaza, limekuwa jiwe."

Mkunga akamwambia ndiyo, hilo ndilo tumbo lenyewe, limekuja na litaachia, na litarudi tena. Likaachia, mama akalisikia likiachia. Akauliza kama anaweza kuuacha mkono hapo. Mkunga akamwambia auache, tena atamsaidia.

Tangu hapo hakuuondoa. Walimletea chai, akainywa kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo angenichapa mimi nikilifanya. Swala ya adhuhuri ilimpita, akasema Mungu anamwona alipo. Kila tumbo lilipokuja alisema limekuja, na lilipoachia alisema limeachia, na katikati yake mimi na yeye tulikuwa tunaongea. Aliniambia mama mdogo alikuwa mtani mkubwa, alikuwa akiiga sauti za watu wa kijiji kizima, akimwiga hata imamu. Aliniambia alitaka mtoto wa kike. Mambo ya miaka yote ile aliyatoa huku anakagua tumbo langu kwa kiganja, na mimi nimelala namsikiliza, akili yangu iko pale yote. Bila ile sindano nisingesikia hata neno moja. Na yeye bila ile sindano asingeyasema.

Wakati wa kusukuma ulipofika, mkunga alinieleza kwamba ganzi imenichukua kiasi kwamba sitajua lini, kwa hiyo nitaambiwa. Akamtazama mama. Mama akaelewa. Mkono wake ukiwa pale pale, alikuwa ananiambia sasa, nami nasukuma, ananiambia basi, nami napumzika. Sikukosea hata mara moja. Sijui nilisukuma kwa nguvu gani maana nguvu yenyewe sikuisikia, nilikuwa nafuata sauti tu. Mtoto alitoka mchana kweupe, wa kike, analalamika kabla hajamaliza kutoka. Mama aliuondoa mkono. Alimtazama mtoto mara moja, akahakikisha analia, akasema mashallah.

Nilitegemea ampokee. Kwa mtoto wa kwanza alimnyakua kabla hata hajafutwa. Safari hii mkunga alimfunga mtoto vizuri, akamletea, naye akasema mpe baba yake kwanza, akamwadhinie. Wakatoka naye. Chumba kikabaki na sisi wawili, mimi na mama.

Akasogea mwisho wa kitanda, akafunua shuka, akanishika mguu. Akaniuliza kama nausikia. Nikamwambia bado, daktari kasema ganzi itatoka yenyewe taratibu, nisiwe na wasiwasi. Akaitika. Akavuta kiti, akakaa, akakishika kidole changu kikubwa cha mguu, akakifinya. Nilimwona anafinya, sikusikia. Akasubiri. Akafinya tena. Nikamwambia mama, nenda kamwone mjukuu wako, mimi nipo. Akaniambia mjukuu amemsikia, amelia. Wewe bado.

Basi akakaa. Jua lilihama kutoka dirishani likaenda ukutani. Mume wangu alichungulia, akaona, akarudi alikotoka bila neno. Mama anafinya, anasubiri, anafinya, macho yake hayajanitoka usoni, na mimi nimeacha kumwambia aende. Nilianza kusikia kitu, mgandamizo wa mbali, nikanyamaza kwa sababu hayakuwa bado maumivu. Kisha ukucha wake ukaniingia chini ya kidole, na safari hii ukafika mpaka mwisho.

"Mama," nilisema, "unaniumiza."

Akainamisha paji lake la uso juu ya unyayo wangu, akalilaza pale. Mabega yakawa yanapanda na kushuka. Kidole hakukiachia.

"Sema tena," alisema.

Nikasema tena.